Ajenda ya Pazia

Chumba cha Kufulia, Hospitali
Jumatatu, 3 Juni

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za huko kwa Shangazi Mdogo? Najua masikio yako yamegoma simu, na mimi sipendi kupiga kelele dirishani majirani wakapata habari zetu bure, kwa hiyo nimeshika kalamu. Nina habari ya kukueleza, jiandae.

Wamenipa nafasi yako! Umestaafu miezi miwili tu na mimi ndiye msimamizi wa chumba cha kufulia. Kwa muda, lakini. Kamati ya utumishi itakutana tarehe 30 Agosti kuamua kama nithibitishwe au aletwe mtu mwingine, na huyo mwingine tunamjua: yule bwana wa bohari anayetazama saa hata akisalimiwa.

Kitu cha kwanza nilichokuta mezani ni waraka wa Meneja. Vikao vinakula muda wa kazi, anasema. Kila kitengo kiwe na kikao kimoja kwa wiki, kisizidi dakika kumi na tano, na dakika ziandikwe. Msimamizi atakayepunguza zaidi ataangaliwa kwa jicho zuri siku ya kuthibitishwa.

Nilicheka peke yangu. Nilikumbuka Alhamisi zako. Saa tano kamili mashine zinazimwa, mabenchi ya korido yanaburutwa ndani, watu kumi na saba tunakaa. Ajenda ya kwanza, mashuka yaliyopotea wodini. Ya pili, sabuni. Ya tatu, pazia. Tukifika kwenye pazia tunazama humo mpaka saa sita. Miaka minne niliyokaa kwenye vikao vile nilikuwa najiuliza moyoni: hivi Shangazi, mtu anayeona doa la dawa kwenye shuka akiwa bado yuko mlangoni, anashindwaje kumaliza neno la pazia?

Basi juzi nikafungua kabati la chuma. Nimekuta mafaili ishirini na saba ya kumbukumbu za vikao, mwandiko wako mzuri mwanzo hadi mwisho. Na tangu faili la pili, Shangazi, kila Alhamisi: "Suala la pazia la dirisha la mashariki lilijadiliwa kwa kina. Wajumbe hawakuafikiana kuhusu rangi. Litaletwa kikao kijacho." Mimi nina miaka ishirini na saba. Hilo pazia nimelipita mwaka mmoja tu!

Nakutania, unajua. Lakini nitalimaliza. Nataka sana kuthibitishwa. Tangu Mama atutoke, kila nikipita kwenye meza ya pasi aliyosimama maisha yake yote, naigusa kwa kiganja. Nataka waseme yule binti wa mpiga pasi ndiye anayeendesha chumba, na anakiendesha vizuri.

Nijibu kwa anwani ya ofisini, barua zinafika haraka zaidi.

Binti yako,
Msimamizi (wa muda!)


Alhamisi, 13 Juni

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Hongera sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti ili mdogo wangu asikie, naye akaacha sufuria ikaungua.

Kuhusu huo waraka, nimepokea mingi ya namna hiyo. Usiwe na haraka na vikao. Alhamisi iache ilivyo kadiri utakavyoweza. Pazia nalo liache.

Najua unataka maelezo. Kwa anwani uliyonipa sina zaidi ya hayo. Barua za ofisini hupita mikono mingi. Karani wa masjala, kama bado yupo, namsalimu.

Wewe unakumbuka pazia. Mimi nakumbuka pale mashine zilipozimwa. Kwa dakika nzima hakuna aliyesema, kwa sababu vichwa vilikuwa bado vinavuma, na mvuke ulikuwa bado unatoka kwenye mashuka ya mwisho. Halafu mtu mmoja anacheka bila sababu, na wa pili anacheka kwa sababu wa kwanza amecheka. Mama yako alipenda kukaa upande wa ukuta, apate pa kuegemea. Alikuwa akivua viatu na kuvipanga pamoja vizuri, utafikiri anaingia kwa watu. Sasa hivi ninapoandika ni saa tano na dakika kumi, Alhamisi. Hapa kwa mdogo wangu kuna viti sita na mimi niko peke yangu.

Usiwe na haraka, mwanangu.

Shangazi yako


Jumatatu, 24 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Karani wa masjala kanituma nikwambie anakusalimu sana. Sijui amejuaje kwamba umemsalimu, maana sikumwambia.

Umesema nisiwe na haraka, lakini nimeshafanya, na ukisikia utafurahi mwenyewe. Siku tatu tu, Shangazi! Jumatatu nilipima dirisha, Jumanne nikaenda dukani, Jumatano fundi akatundika. Pazia la kahawia, lilikuwa limepunguzwa bei. Miaka ishirini na sita ya mabishano nimeikatia mzizi kwa siku tatu.

Alhamisi nikaitisha kikao changu cha kwanza. Hakuna mabenchi. Tulisimama kuzunguka meza ya kukunjia, kama wanavyoshauri kwenye waraka, maana mtu akisimama hapigi soga. Nilikuwa na mambo matatu kwenye karatasi. Mashuka, sabuni, zamu. Dakika tisa! Meneja mwenyewe alisimama mlangoni, akaniandika kwenye kijitabu chake, akasema vitengo vingine vije kujifunza kwetu. Mabenchi nimeyapeleka kwa wagonjwa wa nje, waliyahitaji.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Hawakufurahi. Nilidhani watanipigia makofi. Bwana Povu, huyo wa mashine kubwa ya kufulia, aliangalia pazia, akaniangalia mimi, akauliza, "Sasa Alhamisi tutazungumza nini?" Nikamwambia, "Tutafanya kazi, Bwana Povu." Akasema, "Aa, sawa." Na Bi Nyuzi, mpiga pasi wetu mkongwe, ambaye hawezi kuzungumza nawe bila kukutoa uzi begani, alilishika lile pazia, akalikunjua, akaliachia. Na mimi alinipita bila kunitoa uzi.

Watazoea. Mabadiliko huwa magumu mwanzoni. Lakini kweli Shangazi, miaka ishirini na sita! Nimewasimulia wenzangu wa jikoni wakavunjika mbavu.

Binti yako,
Wa dakika tisa


Jumanne, 2 Julai

Binti wa kaka yangu,

Rudisha mabenchi.

Na unitumie anwani ya nyumbani, si ya ofisini.

Shangazi yako


Jumatatu, 15 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako ya maneno kumi niliipata. Niliiweka mfukoni wiki nzima nikikusudia kutokujibu. Nilijiambia umenuna kwa sababu nimeweza kwa siku tatu kile ulichoshindwa. Nisamehe kwa kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyowaza, na mimi na wewe hatujawahi kufichana. Anwani ya nyumbani nimeiandika nyuma ya bahasha.

Sasa naandika kwa sababu mambo yameniharibikia na sijui nimevunja nini.

Vikao ni vifupi na kila kitu kingine kimekuwa kirefu. Watu wanakwenda chooni hawarudi. Mashuka ya Alhamisi yanatoka na mikunjo, wodi ya wazazi imeturudishia toroli zima. Chumba kimya, na si ukimya ule wa zamani uliouandika. Wananijibu "ndiyo msimamizi," "sawa msimamizi." Mwezi uliopita nilikuwa "mwanetu."

Alhamisi iliyopita nilimkuta Bi Nyuzi kule nyuma, kwenye mapokezi ya nguo chafu. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mashuka ya wodini, yale ambayo hayajaguswa na dawa. Unajua hilo haliruhusiwi hata kidogo, mtu anaweza kuondoka na ugonjwa wa mtu. Na Meneja alikuwa nyuma yangu. Shangazi, ningefanyaje? Nilimwandikia onyo. Alisoma, akauliza, "Nisaini wapi?" nikamwonyesha kwa kidole, akasaini. Bi Nyuzi, aliyenibeba mgongoni Mama akiwa zamu ya jioni.

Zimebaki wiki sita kabla ya kamati. Meneja anasema nafasi ni yangu kama dakika zikibaki hivi hivi. Mbona basi najiona nimefanya kitu kibaya? Kama kuna kitu unakijua na hukuniambia, niambie.

Binti yako


Jumatano, 24 Julai

Mwanangu,

Nimeahirisha barua hii miaka mingi, sasa niiandike.

Mwaka ule Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi saba. Wakati ule hatukuwa na mashine ya kunyooshea, kila shuka lilipigwa kwa mkono, na meza za pasi ni ndefu kwenda juu, huwezi kuzifanyia kazi ukiwa umekaa. Saa tisa kwa siku wima, sakafu ya saruji, joto la boila. Miguu ya wifi yangu ilivimba mpaka akawa anakuja kazini na viatu vya kaka yangu. Niliandika barua kuomba viti na nusu saa ya kupumzika. Nikajibiwa kwamba kazi yetu ni ya kusimama kwa asili yake. Nikaandika tena. Nikaambiwa nisirudie.

Miezi haikupita ukaja waraka. Enzi zile walitaka vikao! Kila kitengo kikutane kila wiki, wafanyakazi washirikishwe, kumbukumbu zipelekwe ofisini, na ili watu wajadili kwa utulivu, wakae. Neno hilo lilikuwemo kwenye waraka, mwanangu. Wakae. Nililisoma nimesimama, nikatoka mbio kwenda korido kuchukua mabenchi.

Kikao cha kwanza hatukuwa na la kusema. Mama yako alikaa upande wa ukuta, akavua vile viatu vya kiume, akafumba macho, wewe ukawa unacheza tumboni mpaka gauni linatikisika, na kila mtu akaweka mkono kukusikia. Niliandika kwenye kumbukumbu: "Wajumbe walipokea maoni kutoka kwa mjumbe mpya." Huyo mjumbe ulikuwa wewe.

Lakini mashuka na sabuni huisha kwa dakika kumi, na ofisi ilikuwa ikiuliza saa nzima tunazungumza nini. Tulihitaji neno lisiloisha. Mama yako ndiye aliyelipata, wewe ukiwa na mwaka mmoja. Alisema, "Tuzungumzie pazia. Hakuna atakayekufa kwa kulikosa, na kila mtu ana rangi yake." Tulicheka mpaka Bwana Povu akaanguka kwenye benchi. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi nilisoma ajenda ya tatu kwa sauti ya ofisini, mmoja akasema kijani, mwingine akasema bluu ili tu iandikwe kwamba tumebishana, halafu watu wakanyoosha miguu. Tulisuka nywele pale. Tulisomeana barua za watoto. Mama yako alipoanza kuumwa, alikaa pale Alhamisi tano za mwisho, na hakuna aliyemwambia arudi nyumbani, kwa sababu mwenyewe alisema Alhamisi ndiyo siku yake.

Mbona sikukwambia? Ulipoingia kazini ulikuwa na miguu mipya. Nilidhani baada ya miaka minne utaelewa bila kuambiwa, kama wenzako wote walivyoelewa. Na nilipostaafu, nilikaa mbele ya karatasi ya makabidhiano, nikaandika idadi ya mashine, idadi ya pasi, funguo. Hilo sikuweza kuliandika. Ningeandikaje kwamba nimedanganya kwenye karatasi za ofisi miaka ishirini na sita? Kwenye ukuta wa korido kuna cheti changu cha usimamizi bora. Niliogopa, mwanangu, na nikaona haya. Barua za ofisini nilizijibu kwa mafumbo kwa sababu karani anafungua bahasha. Kosa la kutokujua kwako ni langu.

Bi Nyuzi usimwandikie tena.

Shangazi yako


Jumapili, 4 Agosti

Shangazi yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kitandani, halafu nikaona aibu kwa kukaa.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Bi Nyuzi kabla ya zamu, nikamwomba radhi. Akasema, "Mwanangu, tulidhani unajua. Tukasema basi, amepata cheo, ametugeuka." Shangazi, watu wote walidhani nimewanyang'anya kwa makusudi! Niliporudi kwenye meza yangu nililia mpaka Bwana Povu akaniletea taulo la hospitali.

Wameniletea mapendekezo. Wanasema tununue zulia, lijadiliwe. Mmoja anataka kabati la viatu. Bwana Povu anasema tulichome hili pazia kwa bahati mbaya. Nimecheka, lakini haiwezekani tena. Dakika zinaandikwa, Meneja anakuja mlangoni na saa. Mlango uliopitia wewe wameufunga, na kufuli nimelibana mimi mwenyewe.

Na kuna jambo nataka kukwambia, usinichukie. Nimekuwa na hasira na wewe wiki nzima. Uliwapa watu kitu kizuri kuliko vyote vilivyomo kwenye chumba hiki, lakini kwa kuwa ulikificha, nilikifuta kwa siku tatu, na wala sikuvunja sheria yoyote. Hawakuwa na pa kulalamikia. Wangelalamika nini, kwamba wamenunuliwa pazia?

Kwa hiyo nimewaza hivi. Kikao kibaki dakika kumi, maana kweli mambo yetu ni ya dakika kumi. Na kando yake niombe nusu saa ya kupumzika, kila siku, kwa jina lake, kwenye karatasi. Nimepekua daftari la mashuka yanayorudishwa. Miaka yote yako, mashuka ya Alhamisi ndiyo yaliyorudishwa machache kuliko ya siku nyingine yoyote ya wiki, pamoja na saa nzima ya kukaa. Sasa ndiyo mengi kuliko yote. Nataka kuwaonyesha hilo tarehe 30.

Lakini wataniuliza, Alhamisi za zamani zilikuwa na nini? Nitalazimika kusema ukweli wa pazia. Itabidi nifungue mafaili yako mbele yao. Sitafanya bila ruhusa yako. Na ukikubali, huenda na mimi nisithibitishwe, maana Meneja hataki kusikia neno "kuongeza." Nimelifikiria hilo. Bado nataka kusema.

Nijibu upesi.

Binti yako


Jumatatu, 12 Agosti

Binti wa kaka yangu,

Hapana.

Miaka thelathini na minne nimefanya kazi mahali pale na sijawahi kuitwa ofisini kwa ubaya. Unataka nivuliwe nguo mbele ya watu ambao baadhi yao niliwafundisha kukunja shuka. Cheti kile ndicho kitu pekee nilichoacha pale chenye jina langu. Tafuta njia nyingine. Wewe una akili kuliko mimi, umesema mwenyewe, siku tatu.

Shangazi yako


Alhamisi, 15 Agosti

Mwanangu,

Kama barua yangu ya Jumatatu imefika, ichane. Ilitoka kwenye majivuno.

Leo saa tano nilikaa kwenye kiti kama ninavyokaa siku hizi kutwa nzima, nimechoka kukaa, nikamuwaza Bi Nyuzi juu ya rundo la nguo chafu. Tuliingia kazini mwaka mmoja, mimi na yeye. Mimi nikapewa meza na kiti kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Yeye akabaki kwenye pasi. Halafu nikatunza cheti, yeye akasaini onyo.

Ni kweli ulivyosema kuhusu hasira yako. Niliona raha kuwa mwerevu kuliko ofisi. Niliifurahia ile siri, mwanangu, na kwa kuifurahia sikuomba tena viti mara ya tatu. Ningeomba wakati cheti kile kinatundikwa, wangenisikiliza. Sikuomba.

Soma karatasi hii mbele yao. Nimesaini.

*Kwa Kamati ya Utumishi. Mimi niliyekuwa msimamizi wa chumba cha kufulia nathibitisha kwamba kumbukumbu zote za vikao vya Alhamisi niliziandika mwenyewe, na kwamba suala la pazia halikuwa na ubishi wowote. Tangu mwaka wa kwanza wajumbe wote walitaka kijani. Niliandika uongo ili watu waliosimama wapate kukaa. Niliomba viti kwa barua mara mbili. Nakala na majibu yenu ziko kwenye faili la kwanza kabisa, nyuma ya jalada. Msimamizi wa sasa hakujua lolote. Niulizeni mimi.*

Vaa viatu vizuri siku hiyo, si virefu. Kamati huwa inachelewa.

Shangazi yako


Jumatatu, 9 Septemba

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nianze na machungu. Sikuthibitishwa. Bwana wa bohari ameanza kazi leo asubuhi, na mimi nimerudi kwenye meza ya kukunjia. Cheti chako wamekiondoa ukutani. Niliomba nipewe, wakakubali, nimekifunga kwenye foronya nitakuletea.

Sasa nikusimulie yenyewe ilivyokuwa.

Kamati ilikuwa na wajumbe wanane kuzunguka meza kubwa, viti vyenye mito. Ajenda yao ya kwanza ilikuwa kupunguza muda wa vikao. Shangazi, nakuapia, waliijadili saa moja na nusu! Mimi nilikuwa nimeitwa saa nne, nikaambiwa nisubiri humo ndani, karibu na mlango. Kiti hakikuwepo. Nilisimama wakati wakijadili kama dakika kumi na tano zihesabiwe kuanzia salamu au baada ya salamu. Nilisimama wakati wa chai yao. Ilipofika zamu yangu nikasoma mashuka yaliyorudishwa, nikasoma barua zako mbili za zamani na majibu yao, halafu nikasoma karatasi yako. Pale kwenye kijani nilisoma mara mbili. Mimi nilinunua kahawia.

Meneja alikasirika. Alisema hii ni kughushi, na kwamba anayetetea uvivu wa jana hawezi kuaminiwa kesho. Wengine wakatazama meza. Ndipo Muuguzi Mkuu, yule mama mnene asiyecheka, akanitazama miguuni. Akauliza, "Binti, umesimama hapo tangu saa ngapi?" Nikasema, "Tangu saa nne, Mama." Ilikuwa saa saba kasoro. Akageuka kwa wenzake akasema, "Na sisi wanane hatukumwona." Akamwambia Meneja ampishe mgeni kiti. Meneja akadhani anatania. Hakuwa anatania. Ilibidi ainuke, nami nikakaa, na yeye akamalizia kikao chote amesimama kando ya mlango, akibadilisha mguu huu na huu. Hakuchukua robo saa akasema wapige kura.

Wamekubali. Nusu saa, kila siku, saa tano na nusu hadi saa sita, kwa miezi sita ya majaribio, na mashuka yahesabiwe. Nafasi yangu ilikwenda katika kura iliyofuata. Muuguzi Mkuu alinitetea peke yake.

Nililia njiani, sitakuficha. Nilikuwa nimeshachora moyoni mlango wenye jina letu. Lakini tangazo limebandikwa leo, lina muhuri, na msimamizi mpya hawezi kulifuta hata kwa siku tatu wala kwa miaka mitatu bila kwenda kamati. Onyo la Bi Nyuzi limetolewa kwenye faili lake. Aliniambia habari hiyo huku akinitoa uzi begani.

Naandika humu humu chumbani. Mashine zimezimwa, na mabenchi tumeyarudisha kutoka kwa wagonjwa wa nje. Mwanzoni hatukujua la kufanya. Tulikaa tumenyooka, tukaangaliana, mtu mmoja hata akanyoosha mkono aombe kusema, wenzake wakamcheka. Bwana Povu akauliza, "Kwani hakuna ajenda?" Nikamwambia hakuna. Akauliza tena, "Hata moja?" Halafu akaegemea ukuta, na taratibu wengine nao wakaegemea. Miguu inaniuma, Shangazi, kuanzia nyayo mpaka magotini. Ni siku ya kwanza tu tangu nirudi kwenye meza, sijui Mama aliwezaje.

Bi Nyuzi amelala. Kichwa kimeniangukia begani, mdomo wazi, anakoroma kidogo. Kabla hajasinzia alisema hajawahi kulala hapa hata Alhamisi moja katika miaka yote, maana ilibidi mtu awe tayari kusema rangi mlango ukifunguliwa. Sasa hivi mlango umefunguliwa, msimamizi mpya ameingia na saa yake, ametutazama, ametazama tangazo, akafunga mlango polepole. Bi Nyuzi hata hakushtuka.

Naandika kwa mkono mmoja nisimwamshe. Zimebaki dakika kumi na mbili.

Binti yako